Trinity na mawe ya Shinkolobwe

Katikati ya jangwa la Jornada del Muerto, huko New Mexico, Marekani, kwenye eneo liitwalo Trinity, pale lilipolipuliwa bomu la kwanza la nyuklia duniani, umesimama mnara wa mawe meusi ya volkano. Kibao chake kina maneno machache tu: hapa ndipo kifaa cha kwanza cha nyuklia duniani kililipuliwa, Julai 16, 1945. Nimekisoma. Nimezunguka uzio mzima nikitazama picha za zamani zilizotundikwa kwa ajili ya wageni. Nimerudi nyumbani na hasira ambayo haijapoa hadi leo. Sikukuta Kongo popote. Sikukuta Katanga. Sikukuta Shinkolobwe, mgodi wa huko Katanga yalikotoka mawe ya urani ya bomu hilo.

Nilikwenda na jirani yetu hapa Albuquerque, mzee wa watu kutoka Likasi, mji wa Katanga. Eneo lenyewe lipo ndani ya uwanja wa jeshi wa majaribio ya makombora na hufunguliwa kwa nadra, kwa hiyo siku hiyo magari hupanga foleni kwenye lango la Stallion tangu mapema. Ukishaingia unaendesha kilomita 27 za nyika tupu. Mbele unakuta umati: watu wanapiga picha kando ya ganda la bomu la aina ya Fat Man lililopakiwa kwenye trela, watoto wameinama wakitafuta vipande vya kioo cha kijani. Kioo hicho ni mchanga wa jangwa ulioyeyuka kwa joto la mlipuko. Kukiokota ni marufuku, kukitazama ruksa. Nilichuchumaa nikakitazama kipande kimoja, kidogo kama punje ya hindi: juu kimelainika na kung'aa, chini kinakwaruza, na chembe za mchanga zimegandia humo tangu alfajiri ile.

Nilipoinuka nikamkuta mzee kasimama mbele ya picha ya askari aliyebeba kisanduku chenye kiini cha bomu, akikipeleka kwenye nyumba ya shamba la McDonald. Akaniuliza, "Na batu ba kwetu beko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu.

Maana mzee anatoka mwendo mfupi tu kutoka mgodi wa Shinkolobwe, na bila mgodi ule hadithi ya Trinity haisimuliki. Agosti 1939 Einstein alipomwandikia Rais Roosevelt barua kuhusu uwezekano wa bomu hili, alimtajia kwamba chanzo muhimu kabisa cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Barua ile kila mtu anaijua. Madini ya Shinkolobwe yalikuwa ya ajabu: mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati kwingineko, Marekani yenyewe ikiwemo, wachimbaji walihangaika na mawe yasiyofika hata asilimia 1. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya migodi ya Wabelgiji, Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo hadi New York, yakakaa ghalani Staten Island. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipomfuata, mzigo ulikuwa tayari unasubiri mnunuzi. Baadaye mgodi ukafunguliwa tena kwa ajili ya Wamarekani, na mzigo ukateremka kwa reli na kwa mto hadi bandari ya Matadi. Urani ikaenda viwandani, na kule Hanford, kiwanda cha serikali katika jimbo la Washington, ikageuzwa plutoniamu, ambayo ndiyo kiini cha bomu lililowekwa juu ya mnara wa chuma wa mita 30 hapo jangwani.

Sasa nani aliyachimba mawe hayo? Wakongo. Waliyachambua kwa mikono, wakayajaza na kuyapakia, chini ya serikali ya kikoloni ambayo hawakuichagua, kwa ajili ya vita ambavyo hawakuulizwa. Hakuna aliyewaambia wanachokishika ni kitu gani. Sengier alitunukiwa nishani ya Marekani mwaka 1946, na kuna madini yaliyopewa jina lake, sengierite. Mkuu wa kampuni ana nishani na jiwe, mchimbaji hana hata mstari mmoja kwenye kibao. Hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia, na sioni aibu kulisema hivyo.

Najua nitakachojibiwa. Kibao ni kifupi, hakimtaji hata Oppenheimer, mwanasayansi aliyeongoza kazi ya kuliunda bomu. Kweli. Na walioniongoza pale walikuwa watu waungwana, walionieleza kwa subira namna bomu lilivyofanya kazi. Hilo nalikubali. Lakini picha zile za uzioni zina nafasi ya wanasayansi, ya majenerali, ya Jumbo, lile pipa la chuma la takriban tani 200 ambalo mwishowe halikutumika kwa kazi liliyoundiwa. Pipa limepata nafasi.

Na wala si Wakongo peke yao. Majivu ya alfajiri ile yaliwaangukia wakazi wa Tularosa na vijiji vya jirani, watu waliokuwa wakinywa maji ya mvua kutoka kwenye matangi ya nyumbani. Jeshi likatangaza kwamba ghala la risasi limelipuka. Sheria ya mwaka 1990 ya kuwafidia walioathiriwa na mionzi ya majaribio ya nyuklia iliwaacha nje. Tina Cordova, mzaliwa wa Tularosa, na wenzake walianzisha umoja wao mwaka 2005 kudai haki, na ni mwaka 2025 tu ndipo sheria ilipowaingiza. Miaka 80! Hao ni raia wa Marekani, wenye wabunge wao. Mchimbaji wa Katanga ataanzia mlango gani?

Shinkolobwe nako hakukutulia. Wachimbaji wadogo waliuvamia mgodi wakitafuta kobalti, serikali ya Kongo ikaufunga rasmi mwaka 2004, na mwaka huohuo ukaporomoka na kuua watu.

Siombi mnara mwingine. Naomba kibao kimoja kwenye uzio uleule, chenye jina la Shinkolobwe, chenye zile tani 1,200, kikisema wazi kwamba waliochimba ni Wakongo. Wenzangu mlioko Albuquerque, El Paso na Phoenix, lango likifunguliwa nendeni, hakuna kiingilio, na kila mmoja awaulize waongozaji pale mawe yalitoka wapi. Wakiulizwa na watu wengi kwa siku moja wataandika. Na chini ya Kiingereza waweke Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikisemwa kwenye migodi ya Katanga.