Triga iandike, isishikilie

Mbalamwezi ndiyo iliyoniponza. Siku hizo wavuvi wengi wa Kigoma hupumzika, maana dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mimi nikaujaribu mfumo wangu wa kompyuta wa kupokea mizigo kwenye mwalo wa Kibirizi nikiwa na karani mmoja tu, ukateleza bila tatizo. Giza liliporudi, makarani watatu wakakaa kwenye mizani mitatu alfajiri, na skrini zikaganda. "Kaka, mtandao umekufa tena!" Wala haukuwa mtandao. Ilikuwa triga yangu, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya hifadhidata mzigo unapoingizwa au kusahihishwa.

Kwa woga wa kukosea hesabu, nilikuwa nimeweka LOCK TABLE, amri ya kufunga jedwali zima, ndani ya triga, juu ya jedwali la jumla za siku. Kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata ninayotumia, amri hiyo usipoitajia aina ya kufuli huchukua lile kali kuliko yote: hata anayetaka kusoma tu anasubiri. Ndiyo maana tajiri, aliyekuwa nyumbani Mwanga, hapahapa Kigoma, akichungulia jumla kwenye simu, naye aliganda.

Nikaifuta amri hiyo. Nafuu ikaja, ila nusu. UPDATE, amri ambayo triga iliitumia kuongeza kilo kwenye jumla, nayo hufunga mstari inaougusa, na siku nzima ilikuwa na mstari mmoja wa jumla, kwa hiyo wote watatu walipanga foleni palepale. Tena kufuli hilo haliachiwi triga inapomaliza, bali muamala, yaani kazi nzima ya kuandika mzigo mmoja, unapokamilishwa na kufungwa. Na programu yangu (aibu hii!) ilichapisha risiti kabla ya kufunga muamala. Karatasi ikiisha kwenye mzani mmoja, mizani mingine miwili inamngoja karani atafute rola.

Wanaosema triga ni nzito wanaionea. Uzito ni wa tunayoyapakia humo. Sasa yangu inaingiza mstari mpya tu kwenye jedwali la nyongeza: tarehe, mzani, kilo. Karani akisahihisha kilo, inaandika tofauti. Akisahihisha jina la mtumbwi, haiamki kabisa, kwani nimeiwekea UPDATE OF kilo, iamke kwa masahihisho ya kilo tu. Anayeingiza mstari wake hamzuii mwenzake. Jumla hupigwa kwa SUM, amri ya kujumlisha, mtu anapoiuliza, na kwa mistari mia chache yenye faharasa ya tarehe ya kuitafuta haraka, huoni hata kama imehesabu.

Risiti nayo sasa hutoka baada ya muamala kufungwa. Rola bado zinaisha alfajiri ileile, ila anayepiga kelele ni karani mmoja.