Kakao ya baba mwenye nyumba ilivyonifanya mlevi kijiji kizima

Kijijini watu hawapangi, watu wanajenga. Hii kitu mtu uliyekulia Mbagala huwezi kuijua mpaka upate ajira ya serikali, ushuke kwenye bodaboda na godoro limefungwa kamba, uanze kuuliza jamani nani hapa ana chumba cha kupanga, watu wanakuangalia kama umeuliza nani ana mke wa kuazima. Kwao mtu mzima asiye na nyumba basi kuna kitu kafanya huko alikotoka.

Mimi nilipangiwa shule moja ya msingi wilaya ya Kyela, kule chini kabisa kando ya mto Songwe ambao ndo mpaka wetu na Malawi. Niliposikia Kyela nikashangilia, kichwani naona mchele tu. Hakuna aliyeniambia kwamba ukishaiacha Tukuyu na baridi yake unashuka, unashuka tena, masikio yanaziba, ukifika bondeni ni joto la kuvua shati, mbu wanaanza kazi saa kumi na mbili jioni na mto wenyewe una tabia zake. Ukifurika unahama njia, mtu kalima mpunga wake Tanzania akija kuuangalia uko ng'ambo, mpaka serikali mbili zimekaa zikaweka mpango wa pamoja wa kuutuliza. Wenyeji wala hawashangai, ng'ambo kule ni Wangonde, lugha yao na Kinyakyusa ni ndugu, watu wanaoleana na kuzikana, mpaka ni habari ya wenye mihuri.

Basi baada ya kulala ofisini kwa walimu juu ya madawati mabovu nikaletwa kwa mzee mmoja, nyumba ya tofali za kuchoma, bati zuri, vyumba viwili vya uani havina mtu. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba ndefuu, akaniangalia kuanzia viatu. "Mwalimu unakunywa?" Nikamwambia mzee mimi Msabato wa kuzaliwa, kwetu hata chai ya majani tulikua tunanyimwa. Akafurahi sana, ndaga fijo nyingi, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kodi elfu ishirini kila chumba, miezi sita kwa mkupuo. Mkataba ukaandikwa kwenye karatasi ya daftari, balozi wa nyumba kumi akasaini ushahidi, na kipengele cha mwisho kinasema mwenye nyumba ana haki ya kuingia muda wowote "endapo mali itahitaji". Nikajua mali ni nyumba.

Maisha yakaanza vizuri tu. Chumba cha mbele nikaweka godoro, nikapigilia misumari ya kutundikia mashati, chumba cha nyuma kile kinachoangalia mtoni nikaweka ndoo na jiko la mchina. Shule nafika mapema, mkuu wangu wa shule ananisifia mbele ya wenzangu. Mkuu mwenyewe ni mtu wa Singida, mkali wa muda, ikigonga saa moja na nusu anachora mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio na ukisaini chini ya ule mstari jina lako linaonekana mpaka ukiwa mlangoni.

Sasa ule ndo mwaka 2024, bei ya kakao duniani ikapanda mpaka ikapita dola 10,000 kwa tani. Kyela ndo kwenyewe kwa kakao hapa nchini, kila mtu ana miche yake chini ya migomba, na mimi nilikua nafurahi tu nikisikia kwenye simu kwamba wakulima wamepata. Sikujua furaha yao itakuja kulala kwangu. Usiku mmoja mzee kabisha hodi, sauti ya chini, tochi kaielekeza miguuni. "Mwalimu, saivi kakao ni dhahabu. Wezi wanavuna mpaka yenye maua. Siwezi kulaza mali nje." Nikamwambia pole sana mzee, nikadhani kaja tu kupiga stori. Kumbe nyuma yake kuna vijana wana masanduku ya mbao.

Mali ikaingia chumba cha mbele. Nilijaribu kusema mzee, hiki nimekilipia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani unakitumia kufanyia nini, huna hata stuli." Godoro langu likahamishiwa chumba cha nyuma na wale wale vijana. Mashati yakabaki kulekule maana misumari ilikua kule. Alafu akaniapisha, yaani kaninyooshea kidole kabisa: hii ni siri yako na yangu, asijue mtu, hata mkuu wako, wezi wana masikio.

Kama hujawahi kukaa na kakao ngoja nikwambie. Ile ikitoka kwenye ganda ina ute mweupe mtamu, wanaijaza kwenye sanduku, wanafunika majani ya mgomba wanaivundika karibu wiki nzima, wanaipindua pindua. Inachacha. Inachemka yenyewe bila moto, ukiingiza mkono katikati unautoa mbio, na maji yanachuruzika chini. Siku za mwanzo inanuka pombe, siku za mwisho inanuka siki, na mimi nikamaliza sanduku moja naletewa lingine kwahiyo zote mbili kwa pamoja. Upande wa pili wa ukuta nimelala mimi, joto la Kyela likiwa juu na la kakao limeongezewa, macho asubuhi mekundu.

Na hapo hapo ndo njia ya kwenda shule ikaanza kula muda. Sijui nilisemeje hili lieleweke. Simu inanigongea alamu saa kumi na moja na nusu, naoga, nachemsha uji, natoka simu inasoma saa moja kasoro ishirini, natembea mwendo wa nusu saa hivi, nafika shule natoa simu naikuta saa mbili na dakika kumi. Wanafunzi washaimba wimbo wa taifa, washaingia darasani, mstari mwekundu huo hapo. Siku nyingine nafika vizuri tu na mapema, siku nyingine lisaa lizima limeyeyuka njiani. Mtu uliyesoma mpaka ukafuzu ualimu unaanza kuuangalia ule mwembe mkubwa pale njia panda kwa jicho tofauti. Nikabadilisha njia nikapitia kwenye mipunga. Lisaa likapotea vilevile, na suruali ikalowa.

Nilimwambia mwalimu mwenzangu wa hesabu kwa siri. "Kaka, natoka nyumbani saa moja kasoro, njiani sielewi kinachotokea, nashtukia ni saa mbili." Akanisogelea kunipa pole, akavuta pumzi, akarudi nyuma hatua moja. Akasema taratibu, "Mwalimu... huwa inaanzaga hivyohivyo."

Kesho yake akaniletea supu ya kongoro kwenye hotpoti. Nikanywa, nikashukuru, supu nzuri, sikujua ni matibabu.

Najua mtu wa Kyela anayesoma hapa anasema huyu muongo, sisi harufu ya kakao tunaijua tangu tumboni. Ni kweli mnaijua. Lakini mnaijua shambani kwa mwenye kakao, sasa mwalimu wa kuja, hana hata mche mmoja, shati linanuka vile, macho mekundu, anachelewa, Jumatatu ndo anachelewa zaidi, anauliza watu kama wanajua lisaa lake limeenda wapi, nyie mngesemaje? Mama mmoja mzazi akaja shuleni kuulizia maendeleo ya mwanae, wakati wa kuondoka akaniachia ndimu sita. Watoto wa darasa la nne wakawa wananipa pole. Kanisani Sabato ile mahubiri yakawa ya Nuhu na shamba lake la mizabibu, na mzee wa kanisa akawa kama anayasoma usoni kwangu. Mimi siwezi kujitetea, nimeapishwa. Namwambia mtu "sinywi jamani" na hilo ndo jibu analotoa kila mnywaji.

Alafu simu nayo ikawa inanifilisi. Bando naweka usiku asubuhi halipo. Meseji zinaingia usiku wa manane karibu hivi karibu vile, nikajua ni yale matangazo ya kujiunga na nyimbo za miito, nafuta bila kusoma, nani anasoma yale.

Asubuhi ya Jumatatu nikasikia hodi nzito. Nikatazama simu, saa kumi na mbili kasoro robo, alamu ndo kwanza imelia nikaizima. Nafungua mlango namkuta mkuu wa shule na koti lake, mwenyekiti wa kijiji, mama mtendaji ambaye hata yeye alikua ndo kwanza kahamia, na mgambo ana fimbo. Nikashtuka nikasema shikamooni, kuna msiba? Mbona alfajiri hivi? Mkuu akanyanyua mkono wa saa akaniwekea karibu na pua. "Mwalimu, hii ni saa moja kasoro robo. Wewe unaita alfajiri." Wakaangaliana ile ya kumbe ni kweli.

Mama mtendaji hakua na mimi, pua yake ilishaondoka inaelekea chumba cha mbele. Chini ya mlango kuna maji ya rangi ya chai yametoka, yamejiviringisha mpaka kwenye kandambili zangu. Mgambo akachuchumaa, akachovya kidole, akaramba. Akafikiri. Akaramba tena. "Changa hii, haijaiva." Mtendaji akasema mwalimu tufungulie. Nikasema ufunguo anao mzee. "Ahaa," akasema, "kumbe mna ubia."

Mzee akaitwa. Kaja na kofia yake na msuli, kaona umati, kaona mgambo kidole kiko mdomoni, akanitazama kwa uchungu mkubwa, "Mwalimu umesema." Sijasema mzee, nakuapia. Akafungua.

Jamani ile joto iliyotoka mle ndani ilitia ukungu miwani ya mkuu. Masanduku yamejipanga mpaka dirishani, majani ya mgomba juu, na katikati, kwenye msumari, mashati yangu matatu yanapata mvuke. Kimya. Mkuu akayasogelea mashati akanusa moja, akaniangalia, akanusa lingine, nikaona kwenye uso wake kesi inabomoka. Ila mwenyekiti wa kijiji yeye alikua kwenye hesabu nyingine kabisa, anasogeza midomo anahesabu masanduku. "Mzee. Juzi kwenye mkutano si ulisema kakao yako yote imeungua na ugonjwa? Ndo maana hujachangia choo cha shule?" Mzee akaanza kukohoa. Kikohozi kirefu cha mtu asiye na kikohozi.

Nikadhani nimepona. Mkuu akasema hapana, harufu tumeijua, na kuchelewa je? Nikaeleza habari ya njia inayokula muda, nikaeleza mpaka ya mwembe, naona mama mtendaji anaandika kwenye daftari lake neno moja moja kwa huruma. Tukaingia chumba cha nyuma niwaonyeshe alamu jinsi ilivyotegwa sawasawa. Nimeshika simu, mkuu kaegemeza saa yake, zinapishana lisaa kamili. "Umeichezea," akasema. Mara simu ya mama mtendaji ikalia mkononi mwake, meseji. Akaisoma kimoyomoyo, akaisoma tena kwa sauti: "Karibu Malawi."

Mwenyekiti ndo akaangua kicheko, kashika fremu ya mlango asidondoke. "Kwani huyu mnamlaza chumba cha nyuma? Mzee! Chumba cha nyuma si Malawi hiki!" Ikawa ndo naelezwa leo, na pengine ni mimi tu kijiji kizima nilikua sijui: upande ule wa mto minara ya wenzetu ina nguvu kuliko ya kwetu, usiku simu inahama nchi yenyewe, na Malawi wako nyuma yetu kwa lisaa limoja, kwahiyo saa nayo inarudi nyuma. Ukitoka, ukifika kwenye ule mwembe, inarudi Tanzania. Wenyeji wote wamezima ile ya simu kujipangia muda, watoto wa darasa la tatu wanajua kuizima. Chumba cha mbele kina Tanzania safi, ndo maana siku za mwanzo nilikua nawahi. Wasio na bahati ni wanaoipisha kakao.

Mkuu akamgeukia mzee akamuuliza kwanini hukumwambia mpangaji wako. Mzee akasema mpangaji wa mwanzo alikua mvuvi, hana simu, anaamkaga na jogoo, hakuwahi kulalamika.

Mzee alichangia choo siku ileile, matundu mawili kwa jina lake. Kakao ikahamishiwa kwa shemeji yake, mimi nikarudishiwa chumba, ingawa mashati ilibidi niyatoe sadaka na aliyeyachukua nasikia mkewe anamshuku. Supu nayo ikakata, na hiyo kusema kweli iliniuma.

Kodi ya miezi ile ilipoisha nikaenda kwa mzee kistaarabu, nikampa shikamoo, nikamwambia mzee wangu, kuna kipindi nimelipia vyumba viwili nikalala kimoja, naomba tuangalie kwenye kodi inayofuata tupunguze kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia, akaniambia, "Mwalimu, ule muda wote umelala Malawi, kila siku una lisaa lizima la usingizi juu ya wenzako wa Tanzania. Nimewahi kukudai?"