Saa ya Shemeji

Shemeji yangu wa Kigali ameniletea saa ya kuhesabu kalori. Aliyeiamini ni mke wangu. Siku hizi bugali langu linakatwa kwa kuangalia saa: "Papa Furaha, hapa imeandika 190 tu. Kipande cha pili cha nini?"

Nisikilizeni. Robine za mtaa wetu hapa Goma zimekauka, kwa hiyo asubuhi nashuka ziwani na mabidoni mawili ya lita 20. Lita 20 ni kilo 20, kila mkono! Napanda nayo juu ya mawe ya volkano mpaka magoti yanaongea. Saa inasema nini? Nimetembea kidogo, basi. Yenyewe hatua inazisoma kwenye mkono unaopunga, na mkono ulioshika bidoni haupungi. Kuhusu mzigo haina habari. Inanihesabu kama mheshimiwa anayenyoosha miguu baada ya chai.

Lakini jioni nikipanda moto, yaani pikipiki, kutoka Majengo, jiwe linaturusha, shimo linatupokea, meno yanagongana, na nikishuka saa inatetemeka kwa furaha: hongera, umetimiza lengo la hatua! Hatua gani? Kilichoungua ni esansi ya mwenye moto.

Halafu kuna ile programu ya simu. Iliniuliza umri, kilo na urefu kama polisi wa mpakani. Kumbe inapiga hesabu, na nyingi za aina hiyo hutumia kanuni iliyotolewa 1990: kilo mara 10, ongeza sentimita mara 6.25, toa miaka mara 5, mwanaume anaongezewa 5. Mimi wa kilo 80, sentimita 170, miaka 46, napata karibu kalori 1,640. Yaani nikilala usiku na mchana natazama mabati, mwili unaunguza hizo zote kwa kupumua na kupiga moyo tu. Nilimsomea Mama Furaha kwa sauti. Akauliza wanawake wanaongezewa ngapi. Wanatolewa 161. Usiku ule sikupewa hata kipande cha kwanza.

Chakula chenyewe nacho, ukiandika humo sombe, yaani majani ya muhogo, inakuletea mchicha! Sombe ya hapa nyumbani inaogelea kwenye mawese, na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120.

Tena si mimi peke yangu ninayelalamika. Mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba vya mkononi. Mapigo ya moyo, sita kati yake vilisoma vizuri. Kwenye kalori, kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Muuza unga wa soko la Virunga akikosea mizani hivyo, haoni jioni.

Jumapili Mama Furaha akaivaa yeye, akatwanga sombe. Mkono juu, mkono chini. Alipomaliza, saa ilikuwa inahesabu kama mtu aliyekwenda Sake kwa miguu. Akajikatia bugali la watu wawili, akanionyesha kioo: "Soma mwenyewe."

Sasa kinu natwanga mimi. Jana jirani alisimama kwenye uzio, akaniangalia kwa huruma, akauliza, "Papa Furaha, mama anaumwa?"

Nikamwambia asinipotezee hesabu.