Mkono Upi?

Mimi ni mashoto wa kuzaliwa. Utotoni Tanga, bibi alinigonga na mwiko kila nilipopeleka mkono wa kushoto sahanini, mpaka nikanyooka. Nikala kwa mkono wa kulia, nikasalimia kwa wa kulia, ule wa kushoto nikauachia kazi moja tu ya heshima: kutungua maembe kwa mawe.

Kwa hiyo jamaa mmoja wa kazini hapa Philadelphia aliponiambia timu yao ya besiboli ya mtaani haina mrushaji wa mashoto, niliona riziki imenifuata mlangoni. Besiboli yenyewe sikuijua. Nilichojua ni kwamba mmoja anarusha kipira, mwenzake ana rungu, na waliobaki wanatema maganda ya alizeti.

Mazoezi yalianza Januari, ndani ya ukumbi, nje theluji. Nikaenda na bega langu la maembe. Kocha akasema mpira tutaugusa mwezi wa tatu. Mpaka hapo ni kuchuchumaa na vyuma mabegani, kusukuma kigari cha chuma kisicho na magurudumu (sijui nani alikibuni, lakini hakuwa mtu mwema), kukimbia mita 27 za kutoka beisi moja, yaani kituo cha mkimbiaji, hadi nyingine, na kutupa ukutani mpira mzito wa kilo 3 kwa nguvu za kiuno. Nikamuuliza, bega nalo litaanza kazi lini? Akanijibu kuwa mpira hurushwa na miguu na nyonga, mkono ni ncha ya mjeledi tu. Bega ni breki. Mpira ukishakutoka, vimisuli vya nyuma ya bega ndivyo vinavyouzuia mkono usiondoke nao. Basi akanipa ule ukanda wa mpira wa kuvuta, mlaini kuliko yote, wa kuanzia wagonjwa. Nikauvuta mara 15 huku nikimcheka moyoni. Kesho yake nilishindwa kuchana nywele.

Hapo ningetulia. Lakini mji huu una hadithi ya Steve Carlton, mashoto mwenzangu, aliyekuwa mrushaji wa Phillies, timu kubwa ya besiboli ya hapa. Mwaka 1972 timu ilishinda michezo 59 tu msimu mzima, na 27 kati ya hiyo imeandikwa kwa jina lake kama mrushaji. Na huyu bwana alikuwa akijenga kiganja na kigasha kwa kuzamisha mkono kwenye chombo kilichojaa mchele, anafumba, anafumbua, anazungusha kama anayetafuta shilingi chini ya mtungi.

Mchele! Mimi nishindwe kwenye mchele?

Nikanunua basmati kilo 9, nikaimimina kwenye ndoo, nikaificha nyuma ya mashine ya kufulia. Kila usiku, mke wangu akishalala, nazama mpaka kiwiko. Ukijaribu utaona: dakika ya kwanza raha, ya pili vidole vinawaka, ya tatu unamkumbuka mama yako. Na kwa kuwa bega liliuma, kabla ya kuzama nilijipaka dawa ya kuchua, ile inayochoma kwa ubaridi, kutoka shingoni hadi kwenye kucha. Wiki tatu hivyo. Mchele ukaanza kung'aa.

Jumamosi moja nikatoka kazini saa moja usiku, nikakuta viatu vya wageni mlangoni. Mjomba wa mke wangu, mzee mzito wa maneno, alikuwa amefika ghafla na familia yake kutoka mji wa Columbus, mwendo wa saa nane kwa gari. Sinia zimeshawekwa. Nikanawa, nikakaa, nikasema bismillahi. Mke wangu akafunua sufuria, ule mvuke ukanipiga usoni, na pua zote mbili zikafunguka hadi kisogoni.

Nikamtazama. Mafua yalikuwa yamembana tangu Alhamisi, hanusi hata kitunguu.

"Mchele umetoa wapi?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Si ule uliouficha kule nyuma, baba watoto. Nilijua umenunua wa sikukuu. Lakini ulikuwa na mafuta mafuta, nimeuosha maji matano."

Mjomba alitia tonge la kwanza. Akatafuna. Akaacha kutafuna, akatazama dari kama aliyeitwa. Shangazi akavuta hewa kwa mdomo, fyuuu, kama mtu aliyekunywa maji ya barafu baada ya peremende. Mtoto akasema pilau ina baridi na ni ya moto. Akanyamazishwa kwa jicho.

"Mwanangu," mjomba akaniambia, "hii iliki ya wapi?"

"Ya... ya huku huku, mjomba."

"Kifua changu kimeziba tangu Desemba." Akapuliza pua kwenye leso, akaniangalia kwa macho yenye machozi. "Niongezee."

Alikula sahani tatu. Mimi nilikula kachumbari. Wakati wa kuondoka akaomba afungiwe iliyobaki.

Mlango ulipofungwa nikaona bora niseme mwenyewe. Nikaeleza yote: timu, bega, Carlton, ndoo, dawa. Mke wangu alisikiliza amejishika kiuno, hakunikatiza hata mara moja, na nilipofika mwisho nilidhani nimesamehewa.

"Kwa hiyo wiki tatu," akasema taratibu, "umekuwa ukitia mkono kwenye ule mchele."

"Ndiyo."

"Mkono upi?"

Nikainuka nikaanza kuosha vyombo.