Zege la Akropoli: lawama zimepita kipimo

Tangu njia mpya za zege zitandazwe juu ya mwamba wa Akropoli mjini Athens mnamo 2020, baadhi ya wanaakiolojia na wapenzi wa mambo ya kale, ndani na nje ya Ugiriki, wamelalamika kwamba mahali patakatifu pa kale pamegeuzwa barabara. Picha ziliwapa nguvu: utepe mpana wa kijivu unaopita kati ya magofu kuelekea Parthenon, hekalu lililojengwa kati ya 447 na 432 KK. Kusema kweli, haupendezi.

Picha hizo, hata hivyo, hazionyeshi adha iliyokuwapo kabla ya zege. Mwamba ule wa chokaa umesuguliwa na nyayo hadi unang'aa, na ukilowa kidogo tu, hata mwenye miguu mizima huenda akishikilia wenzake. Lifti mpya iliyoanza kazi mwaka huohuo humpandisha mwenye kiti cha magurudumu hadi kileleni, lakini pasipo njia tambarare angeishia mlangoni mwa lifti, akiitazama Parthenon kwa mbali kama mgeni aliyealikwa karamuni kisha akaachwa barazani. Na hao wa kale tunaojifanya kuwatetea hawakuuacha mwamba kama walivyoukuta: ukishapita lango la Propylaia utaona mifuo waliyoichonga jiweni ili watu na wanyama wa kafara wasiteleze wakati wa maandamano ya Panathenaia, sikukuu ya mungu wa kike Athena. Sijasikia mtu akiiita mifuo hiyo uharibifu.

Hoja ya wakosoaji inayonisumbua ni ile inayomtaja Nikolaos Balanos, mhandisi aliyeongoza ukarabati wa Akropoli mwanzoni mwa karne ya 20. Naye aliamini anaokoa. Vyuma alivyopachika ndani ya marumaru vikashika kutu, vikavimba na kuipasua, na warithi wake wakalazimika kuving'oa na kuweka titani, metali isiyoshika kutu. Tahadhari hiyo ni ya haki. Ila chuma cha Balanos kiliingia ndani ya jiwe lenyewe, ilhali zege hili, kwa maelezo ya wasimamizi wa kazi, limetenganishwa na mwamba kwa utando, ili siku likichukiza mno liweze kuondolewa.

Wanapogusa upana wa njia, nakubaliana nao. Kiti kimoja, hata viwili vikipishana, havihitaji nafasi yote ile. Upana huo unafanana zaidi na mahitaji ya makundi ya watalii wanaomfuata kiongozi mwenye bendera. Tangu Septemba 2023 idadi ya wageni imewekewa kikomo cha 20,000 kwa siku, kwa zamu za saa maalumu. Kwa kuwa makundi yanadhibitiwa langoni, sioni ubaya wa kudai zege lipunguzwe pembeni, mradi pabaki njia ya kumfikisha mwenye kiti cha magurudumu mbele ya zile nguzo.