Fundi, umepima?

Gari la zamani la petroli likigoma kuwaka asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya, mwenye gari anakimbilia betri mpya. Likikosa nguvu mlimani, anaambiwa injini imechoka. Mimi nasema hivi: fundi ambaye hajapima chochote asikuuzie chochote. Mita ya umeme na geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, vinajibu sehemu kubwa ya maswali.

Stata ikizunguka kivivu, pima betri kabla ya kugusa kitu, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 imeisha. Kisha mtu apige stata wewe ukisoma mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, ama imekufa ama stata inakula umeme kupita kiasi. Ikibaki juu ya 11 na stata bado ni nzito, acha betri ya watu. Umeme unakwama njiani. Gusisha waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na mwingine kwenye bloku ya injini, halafu piga stata. Ukiona zaidi ya volti 0.2, fungua waya wa hasi pande zote mbili, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Ni betri ngapi nzima zimetupwa kwa sababu ya kutu hiyo!

Stata inazunguka vizuri ila injini haishiki? Toa plagi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, kwa hiyo fuata moto wa cheche: koili, waya za plagi, kifuniko cha distribyuta. Ikiwa kavu, fuata mafuta. Ila usiihukumu pampu kwa sababu hukusikia mlio ulipowasha swichi. Toyota nyingi za zamani pampu yake huanza pale tu stata inapozunguka.

Gari la injekta linalosumbua kwenye baridi tu, hasa kwa wenzetu wa Makete na Njombe, lipimwe sensa ya joto la maji. Kwenye Toyota nyingi husoma kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Ikisoma chini injini ikiwa baridi, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaamini injini ina moto na kubana petroli.

Kwenye nguvu ndipo watu wa nyanda za juu tunapoumizwa zaidi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300, kwa hiyo hapa imeshakosa kama moja ya sita. Hakuna plagi wala nozeli ya kuirudisha. Geji ya kompresheni nayo hushuka: injini inayosoma PSI 180 Dar es Salaam itasoma 150 hivi hapa, na bado ni nzima. Kuifungua na kuibadilisha ringi kwa sababu hiyo ni kumwonea mwenye gari.

Pima kompresheni injini ikiwa imepata joto, plagi zote zikiwa nje, umeme wa cheche na mafuta vimekatwa, aksileta imekanyagwa mpaka chini. Angalia tofauti ya silinda kwa silinda. Ikizidi PSI 14 hivi, una jambo. Weka kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu, upime tena. Ikipanda, ni ringi; isipopanda, tazama valvu au gaskiti ya silinda hedi.

Kipimo kingine ni barabara. Gari zima likishuka Kyela huchangamka. Likibaki zito hata huko, ni ugonjwa. Likivuta vizuri tambarare halafu likakatakata ukitoka Tukuyu kupanda Uyole, anza na filta ya mafuta, kisha presha ya pampu. Likizidi kubanwa kadiri unavyokanyaga, bila kumisi (silinda kukosa kuwaka), shuku masega, yaani kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi. Fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, waya wake uwe mbali na moto, uendeshe kidogo. Nguvu ikirudi, yameziba. Kabla ya kufunga mengine tafuta plagi au koili inayomisi, maana petroli isiyoungua ikifika kule ndiyo inayoyayeyusha.