Zabuni za makao ya wazee England: kushinda karatasi, kupata kitanda

Ndugu zetu wanaofanya kazi ya kea Uingereza wanayajua makao ya wazee kwa upande wa chai, dawa na mgongo unaouma. Upande wa pili ni ofisini, ambako mwenye makao anakesha na zabuni ya halmashauri.

Kule England, mzee ambaye mali yake haifiki pauni 23,250 anaweza kusaidiwa gharama na halmashauri. Anayetaka kupokea wazee hao hujisajili CQC, mamlaka ya ukaguzi, kisha hujaza maswali marefu: utampangaje mhudumu wa usiku, utamlindaje mzee asidhulumiwe, jamii itafaidika nini? Majibu hupewa alama, na mara nyingi bei nayo ina alama zake.

Wenye makao madogo hulalamika kwamba anayeshinda ni mwenye kalamu. Kampuni kubwa ina watu wa kuandika zabuni tu. Bibi mwenye vitanda 18 anaandika usiku, zamu ikiisha. Nawaelewa. Hata daraja la ubora la CQC wanaloliringia wakubwa si kipimo kamili: mapitio ya 2024 yalikuta takriban kituo kimoja kati ya vitano hakijawahi kupewa daraja lolote.

Ila tukiondoa karatasi, tutabaki na kujuana. Na karatasi ina kazi yake. Mwaka 2011 kampuni ya makao ya wazee ya Southern Cross ilianguka ikiwa na makao takriban 750 na wazee 31,000, baada ya kuuza majengo na kubaki mpangaji anayeelemewa na kodi. Kumdai mzabuni hesabu zake si usumbufu.

Kinachonikera zaidi ni bei. Mamlaka ya ushindani ilikuta mwaka 2017 kwamba, ndani ya makao yale yale, anayejilipia hutozwa wastani wa asilimia 41 zaidi ya kiwango cha halmashauri. Kwa hiyo ukishinda kwa bei ya chini, pengo analiziba mzee wa chumba cha jirani, ambaye hakuomba zabuni yoyote.

Tena mara nyingi ushindi wenyewe ni jina kuingia kwenye orodha tu, bila ahadi ya hata mzee mmoja. Vitanda hujazwa mmoja mmoja, hospitali inapotaka kumruhusu mgonjwa na ofisa wa halmashauri anapiga simu kuuliza nani ana nafasi. Hapo insha haisomwi tena. Anayepata ni aliyepokea simu na mwenye wahudumu wa kutosha zamu ya usiku.